Tobo Juu ya Gari la Zuwaina

Alhamisi, 12 Desemba

Nimetukanwa! Hewani! Mbele ya Oman nzima!

Kikao chetu cha redio cha kila Alhamisi. Sisi wapenda redio wenye leseni ya kurusha sauti tunaingia ndani ya magari yetu na kuitana, kutoka Sohar mpaka Sur. Adabu yetu inajulikana. Mtu akikuita unamwambia "tano tisa", maana yake nakusikia vizuri kupita kiasi. Hata kama umesikia mkoromo tu. Hata kama umesikia kuku. Ni salamu ile. Nani aliyeulizwa hali akajibu kwamba tumbo linamsokota?

Basi nikaita. Akajibu Qahtan, jirani yangu wa mlango wa mbele, daktari wa meno. Ana sauti ile ya kumwambia mgonjwa haitauma. Akasema: "Mundhir ndugu yangu, nakupa tatu moja. Unasikika kama mtu aliyezikwa na blanketi lake."

Tatu moja! Jamaa mmoja wa Nizwa akaangua kicheko. Nilizima redio nikasingizia betri. Naapa: nitaipata tano tisa kutoka kinywani mwa Qahtan, apende asipende.

Ijumaa, 13 Desemba

Baada ya sala nikalizunguka gari la Qahtan kama mtu anayetafuta kiatu. Siri yake nikaiona: antena ndefu, imesimama katikati ya paa kama haina shida na mtu. Nikaipima kwa jicho.

Alasiri nikaenda dukani Ruwi. Muuzaji akanishauri nichague antena kwa kuangalia gari langu. Nikachagua kwa kuangalia la Qahtan, nikaongeza urefu wa mkono mmoja. Chini ina sumaku kubwa kama sahani. Unaweka juu ya gari, inang'ata, umemaliza.

Haikung'ata. Mshtuko! Paa la gari langu lote ni kioo! Nilisahau. Nililipenda kwa ajili ya kutazama nyota, na Zuwaina mke wangu aliniuliza siku ile ile kama kwa jua hili nataka kutazama nyota au kuokwa. Antena ikateleza, ikagonga kioo cha mbele, ikaangukia kwenye maua.

Qahtan alikuwa getini kwake na kikombe cha kahawa. Akauliza kwa upole kama nimejaribu kubandika kwa wali.

Jumapili, 15 Desemba

Gari la Zuwaina! Kwa nini sikuliona? Jeupe, paa pana, chuma kitupu. Alipokuwa anasali nililigonga kwa kidole. Sauti tamu mno.

Tatizo ni kwamba ni lake hasa. Kalinunua kwa mshahara wake wa ualimu, na analiosha kuliko watu wanavyoosha watoto. Nikamwomba nihamishie humo redio na antena, kwa unyenyekevu mkubwa. Nikamsifia mpaka samaki aliyeungua.

Amekubali, kwa sharti. Sumaku sawa. Ila nikiacha alama yoyote juu ya gari lake, redio itahamia Bidbid, zizini kwa baba yake, ikaishi na mbuzi. Zuwaina haapi ovyo. Udi wa kupiga wa kaka yake ulipelekwa huko huko kwa sababu ya kelele. Mbuzi wamekula nyuzi.

Jumatatu, 16 Desemba

Mungu wangu!

Tulikuwa barabara kuu, Zuwaina anaendesha, mimi nafurahia ncha ya antena yangu inayoonekana kwenye kioo cha pembeni. Ghafla haipo. Kisha mlango wake unagongwa: pa! pa! pa! Zuwaina akadhani ni polisi. Akasimama pembeni, akashusha kioo, akatoa salamu nzuri kabisa. Akasalimiana na antena. Ilikuwa inaning'inia kwa waya wake.

Alama? Hakuna, alhamdulillahi. Nilifuta kwa mate na mkono wa kanzu kabla hajavaa miwani ya kusomea. Lakini sumaku ni marufuku kuanzia leo.

Jioni Qahtan akaniambia juu ya ukuta kwamba sumaku ni ya kubandika ratiba ya shule kwenye friji. Antena ya kweli inapita ndani ya chuma. Ni kutoboa tu. Kwani naogopa? Kaniuliza hivyo hivyo anavyowauliza watu waliolala kwenye kiti chake na mdomo wazi! Nikamjibu kwamba mimi siogopi kitu chochote duniani. Nikageuka kwanza kuangalia kama Zuwaina anasikia.

Jumanne, 17 Desemba

Nimetoboa.

Siamini kama ni mimi. Zuwaina alikwenda na wanafunzi wake kwenye makumbusho, kwa basi la shule. Gari likabaki kivulini, halina habari. Nikapiga bismillahi. Drili ikalia, na lile paa likatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa kitu kisicho na roho. Nikalia na mimi kidogo.

Lakini kazi safi! Kitako kipya kimekaa katikati, antena imesimama wima. Nitamwambia Zuwaina ni gundi ya Kijapani. Watu hawabishani na Wajapani.

Nilipokwisha kukaza kila kitu nikagundua kwamba mkononi imebaki pete ndogo ya mpira. Nikasoma karatasi ya maelekezo. Kwa herufi kubwa inasema pete ikae chini kabisa, ya kwanza, kuzuia maji. Maji! Mvua Maskati? Utani. Nifungue kazi yote kwa ajili ya utani?

Bomba la jikoni lilikuwa linadondoka tangu Ramadhani. Pete nikaitia humo, ikaenea sawasawa. Zuwaina aliporudi akafungua, akafunga, akasikiliza. Kimya. Akaniita fundi! Akasema: "Kumbe mume ninaye." Nilishtuka hadi nikakaa chini. Hata hiyo gundi ya Kijapani hakuiuliza mara mbili. Maskini, kaamini.

Alhamisi, 19 Desemba

Kikao. Nikaingia mapema ndani ya gari la Zuwaina. Kipimo cha redio kimetulia, nguvu zote zinapanda angani, hakuna kinachorudi. Nikaita kwa sauti ya mtu mwenye mali.

Tano tisa kutoka Sohar. Tano tisa kutoka Sur. Majid wa Ibri alinipa tano tisa kabla sijafungua mdomo. Hizi si kitu. Hawa wangempa tano tisa hata marehemu.

Qahtan? Hayupo! Kaenda Rustaq, kwenye ndoa ya binamu yake. Nimetoboa gari la mke wangu, na mtu mwenyewe yuko Rustaq anakula nyama!

Mama mkwe, Bi Muzna, amekuja jana, atakaa wiki. Kaniuliza mbona nimekonda.

Ijumaa, 20 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Niliamka nikasikia kitu kinagonga dirisha. Nikadhani ni Qahtan amerudi kutoka Rustaq. Ilikuwa mvua.

Mvua! Kubwa! Mtaa mzima uko nje, kanzu zimelowa, watoto wanacheza barabarani, watu wazima wanapongezana kama sikukuu. Na kama kawaida ya mvua, kila mwenye gari anakwenda kutazama wadi, mto wa mvua, ikishuka. Kabla sijavaa kofia, Zuwaina alikwisha kupakia chupa ya kahawa, tende na kopo la halwa. Nikapendekeza tutumie gari langu. Akasema lile la kioo libaki kutazama nyota. Nikasema naumwa. Bi Muzna akasema hewa ya mvua ni dawa.

Bi Muzna hukaa nyuma, katikati, kwa sababu anaogopa milango. Katikati. Chini ya tobo!

Tone la kwanza lilimwangukia utosini tulipofika kwenye mzunguko wa barabara. Akasema: "Subhanallah, neema imeingia mpaka ndani." Tone la pili likaingia kwenye kikombe chake. Akauliza kama magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Nikasema ni jasho la kiyoyozi. Zuwaina akasema kiyoyozi hakijawashwa. Nikasema ndiyo maana kinatoka jasho.

Tulipofika, wadi ilikuwa inanguruma, rangi ya chai ya maziwa, na nusu ya Maskati iko ukingoni. Wakashuka. Mimi nikasema nabaki kulilinda gari lisichukuliwe na maji. Maji yenyewe yalikuwa mbali sana.

Redioni Majid alikuwa anasimulia mvua ya Ibri. Nikapiga magoti juu ya kiti cha mbele, nikageukia nyuma, nikakivuta chini kitambaa cha dari. Maji yakanimwagikia usoni. Nizibe na nini? Halwa! Inanata kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na mwanadamu. Nikachota kwa vidole nikaanza kushindilia. Na mimi nina tabia, nikifanya kazi ya hofu naongea peke yangu. Nikasema ee Mola nifiche, Zuwaina asijue nimetoboa gari lake. Nikasema gundi ya Kijapani, uongo mtupu, pete ya mpira iko kwenye bomba la jikoni na yeye ananiita fundi. Nikasema mama mkwe kalowa kama mkate kwenye chai, na afadhali Majid naye kanyamaza. Nikasema yote haya ni kwa sababu ya Qahtan, mng'oa meno, mwenye husuda, mwenye kichwa kama boga, lakini siku moja atanipa tano tisa, walahi atanipa.

Nikataka kuteremka kwenye kiti. Chini ya goti langu kulikuwa na maikrofoni ya redio. Kitufe chake cha kurushia sauti kilikuwa kimebanwa muda wote.

Nilipoinua goti tu, redio ikafunguka. Ikatoka sauti ya Qahtan, bila haraka.

"Mundhir, ndugu yangu. Tano tisa."

Kopo la halwa likanitoka mkononi.

"Tano tisa kabisa," akaendelea. "Neno kwa neno."

Majid wa Ibri akadakia, anauliza ni halwa ya zafarani au ya kawaida, kwa sababu ya zafarani ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Jamaa wa Nizwa alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayezama.

Nikageuza shingo. Gari la Qahtan lilikuwa hapo hapo ukingoni, milango wazi, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na watu wamelizunguka wanagawiwa kahawa yake. Kati yao Bi Muzna. Na Zuwaina, ameshika tende mkononi, haili.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Tano tisa! Kwa mdomo wake mwenyewe!

Kisha Zuwaina akaanza kutembea kuja kwangu.

Jumamosi, 21 Desemba

Redio imekwenda Bidbid. Zuwaina aliipeleka mwenyewe asubuhi, imefungwa ndani ya taulo. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Alisema neno moja tu, akiwa jikoni ameshika lile bomba: "Mwenzio nilikusifu, Mundhir." Afadhali angenirushia sufuria.

Alasiri nikashtuka tena. Qahtan huyo, na mkoba wake wa kazi! Zuwaina kamwita. Akapanda kwenye ngazi, akaing'oa antena kama jino, akasafisha tobo, akakwangua halwa yote, akaliziba kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia meno. Akalimulika kwa taa yake ya buluu ya kukaushia dawa. Akasugua mpaka hupaoni mahali palipokuwa. Kisha akaliagiza gari lisitafune kitu upande ule mpaka kesho.

Zuwaina akacheka. Kicheko chake cha kwanza tangu jana, na nimekipata kwa Qahtan! Bi Muzna naye akafungua mdomo amwoneshe gego.

Nilishukuru kwa heshima zote. Kichwa chake kwa kweli ni kama boga.

Jumatano, 25 Desemba

Nimekwenda Bidbid kumwamkia baba mkwe, Mzee Nabhan. Si kwa ajili ya redio. Nilipita tu zizini, na mbuzi wakanitazama, na redio haipo!

Nikaikuta sebuleni. Iko mapajani kwa Mzee Nabhan! Kaifunga kwenye betri ya pampu ya maji, waya kautundika kwenye mtende, na tangu Jumamosi hajalala sawasawa. Anasikiliza tu, kwa sababu hana leseni na ni mtu wa sheria. Lakini anawajua wote. Akaniambia Majid ni mwongo, jamaa wa Nizwa ana pumu, na Qahtan ni muungwana. Kisha akanishika mkono, mzee wa watu, akaniomba nimfundishe afanye mtihani, na yeye aite siku moja watu wamjibu. Machozi yalinilenga.

Shida yake ni kwamba mtendeni hasikii vizuri. Angependa iwe ndani ya gari.

Gari lake ni pikapu ya zamani. Tukatoka kuitazama. Paa pana, chuma kitupu, hakuna kioo hata cha kusomea. Nikaligonga kwa kidole. Sauti tamu mno.

Akauliza tutaifunga kwa sumaku? Nikamwambia baba, sumaku ni ya kubandika ratiba kwenye friji. Akauliza kuhusu maji. Swali la maana. Pete ya mpira bado iko kwenye bomba la jikoni, na nikiing'oa Zuwaina atasikia linadondoka. Lakini mvua si imeshanyesha? Mara mbili katika mwaka mmoja? Utani.

Drili ninayo kwenye buti. Nilikuja nayo kwa bahati tu.