Chumvi ya Kilima cha Mbigili

Jumatatu, 7 Oktoba

Pai tatu za Verna zimevunjika tena. Mbili za cheri, moja ya boga. Zimevunjikia palepale pa siku zote, kwenye changarawe yenye matuta, kabla gari halijaifikia lami. Mke wangu hakupiga kelele. Alizitazama pai, akanitazama mimi, kisha akasema kwamba barabara hii isipotiwa lami, atahamia kwa dada yake Nebraska. Pamoja na oveni. Oveni! Nimeishi na oveni hiyo miaka thelathini na mmoja.

Hakuna haja ya hofu. Wilaya ya kodi imetoa orodha yake. Kila tununuapo kitu mjini, nusu senti ya kila dola huenda Wilaya, nayo hutengeneza barabara na kununua nyika ili pasijengwe nyumba. Barabara yetu ni ya kwanza katika orodha. Tunachotakiwa kufanya ni kungoja tu. Verna alilirudia neno hilo mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mbwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekutana posta na Odell Krantz, jirani yetu wa bondeni. Amejigamba kwamba Wilaya imekuja kuyatazama malisho yake na huenda ikayanunua. Kisha akaniuliza mbele ya watu, "Na kile kilima chako, bwana Tvedt, bado kinafuga mbigili?" Watu wote wakacheka. Hata mama wa posta, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake.

Nimerudi nyumbani nikasoma masharti. Wilaya hupenda ardhi yenye wanyamapori. Kilima changu kina mbigili, nyoka mmoja, na friji la marehemu baba. Lakini wanyama hupatikana. Nitapata lami na bei ya kilima kwa mpigo mmoja! Sikumwambia Verna. Mambo makubwa hayasemwi kabla ya chakula.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepandisha kilimani mawe kumi na mawili ya chumvi ya ng'ombe. Kulungu wakubwa wa milimani huinusa chumvi kutoka mbali. Sheria inakataza kuwawekea. Kwa hiyo nimeyazika mawe nusu na kuyapaka tope. Kazi safi.

Verna aliuliza kwa nini suruali yangu imeganda chumvi. Nilimjibu kwamba ni jasho. Alisema basi nimwone daktari.

Jumapili, 13 Oktoba

Kulungu arobaini na saba! Madume yanalia kama tarumbeta tangu alfajiri. Moja linajikuna pembe kwenye friji la baba.

Kanisani niliketi mbele ya Odell, makusudi, ili akione kisogo changu. Baadaye nikapiga simu ofisi ya Wilaya. Imefungwa. Nikaacha ujumbe kwamba raia mmoja ameona kundi la ajabu. Nikaacha na wa pili, kwa sauti nyingine.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkaguzi wa Wilaya amekuja, Bibi Marisela Quintana, na darubini shingoni. Akauliza ni nini kinachowavuta wanyama wengi hivi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema ni chumvi ya asili, aliyoikuta babu yangu. Ndimi zilikuwa zimekwisha kuyalainisha mawe kama mayai. Akapiga magoti, akaonja. Akasema ni safi mno.

Akauliza kama kulungu huivuka barabara. Nikasema huivuka asubuhi na jioni, hasa wenye mimba. Hilo la mimba nililiongeza mwenyewe. Aliandika kurasa tatu!

Verna alimpa kipande cha pai, akamwuliza habari za lami. Niliwasikia kutoka varandani. Bibi Quintana alijibu, "Mama, mpaka jana ilikuwa ya kwanza." Sikuelewa kwa nini alisema jana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkutano wa Wilaya, ukumbi wa zimamoto. Watu ishirini na mbili na kahawa mbaya.

Barabara yetu imeondolewa katika orodha. Lami huleta mwendo, na mwendo huua kulungu. Si hilo tu. Kuanzia Desemba hadi katikati ya Aprili, majira ya baridi, barabara itafungwa kwa lango ili kulungu wasisumbuliwe, na sisi tutapita njia ya nyuma, maili kumi na tisa, changarawe tupu. Kilima changu hakitanunuliwa. Kulungu hulamba kwangu lakini hulala kwa Odell. Yatanunuliwa malisho ya Odell.

Odell alikuja kunishika mkono. "Ahsante, jirani. Umenilelea kundi."

Kisha Verna akasimama. Akauliza, kwa adabu, ingekuwaje kama chumvi ile si ya asili. Bibi Quintana akajibu kwamba ingechimbuliwa, kulungu wangerudi milimani kwao, na barabara ingerudi kwenye orodha. Ukumbi mzima ukanigeukia. Odell alikuwa anatabasamu.

Nikasema chumvi ile ni kazi ya Mungu.

Verna akachukua mkoba wake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Oveni imeondoka, imefungwa blanketi, nyuma ya gari la dada yake. Walikwenda polepole kwa ajili ya matuta, kisha wakasimama kuwapisha kulungu wanne. Nikawafikia kwa miguu. Verna akateremsha kioo. Alisema mawe ni kumi na mawili, amekwenda kuyahesabu mwenyewe, na siku nitakapoyachimbua na kumwambia Bibi Quintana ukweli, atarudi. Oveni pia. Kisha akapandisha kioo.

Nilichukua sepeto, nikapanda kilimani. Nikasimama juu ya jiwe la kwanza. Nikafikiri.

Kuchimbua ni kukiri. Odell angecheka mpaka Krismasi. Na kuna njia rahisi zaidi. Kulungu hawakai penye simba wa milimani, kila mtu anajua. Nimechonga nyayo mbili za mbao, zenye vidole vinne kila moja, nikazifunga chini ya viatu. Nimetembea kilima kizima mpaka pale litakapowekwa lango. Kazi safi. Nimemwachia Bibi Quintana ujumbe, kwa sauti ya tatu.

Nani atafunga barabara kwa ajili ya simba?