Skrubu Tatu za Akiba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimechumbia. Au tuseme, karibu nichumbie. Nilifika Mafubira, Jinja, kwa kanzu ya kuazima, kumwona Hajati Nulu, shangazi yake Nuriat. Kwao neno lake ndilo neno. Akikubali, wazee watapokea posa yangu. Akikataa, nirudi Mbale nikaoe sufuria zangu.

Akauliza kazi yangu. Ukweli: nauza vifungo na zipu mtaani Namatala, Mbale, juu ya meza ya miguu mitatu na tofali. Nilichosema: mimi ni daktari wa cherehani. Sijui kilitoka wapi! Nuriat akatazama dari.

Hajati akaingia chumbani, akatoka na cherehani ya mkono, nyeusi, ya babu yao aliyekuwa akishona sare jeshini. Akasema uzi haushiki. Niitengeneze, Jumamosi niirudishe nishone pindo la leso mbele yake. Anaamuru kama yuko kambini. Nikajikuta nimejibu, "Ndiyo, afande."

Nuriat alinisindikiza, akaniambia nianze na vitu vidogo. Anavyonijali! Nampenda, naandika bila haya.

Jumanne, 5 Agosti

Namatala. Jirani yangu barazani ni Amir, fundi wa kweli. Angeweza kuitazama. Lakini akijua Amir, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Nimemwambia kwenye gunia nililobebea cherehani kuna mihogo.

Nimejifungia ndani na bisibisi ya fundi baiskeli. Nimefungua kila kilichofunguka. Daktari hapapasi juu juu, anapasua! Kufika alasiri beseni limejaa vyuma. Ubovu sikuuona popote. Maana yake umejificha sana.

Jumatano, 6 Agosti

Mafuta ya cherehani anayo Amir tu. Nimetumia ya kukaangia. Mafuta ni mafuta.

Nimeunganisha kila kitu. Skrubu tatu zimebaki. Nimetafakari, nikaona ni za akiba, nikazitia kwenye kopo la vifungo. Gurudumu linazunguka kwa shida. Nimeongeza mafuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Sisimizi! Wameingia kwa mstari, mpaka kwenye bobini ya uzi wa chini. Mafuta yameshika kama gundi na gurudumu limegoma kabisa. Nilikaa chini nikakaribia kulia. Si kwa ajili ya chuma. Akilini nilimwona Nuriat akiolewa na mtu mwingine, nami ndiye niliyewauzia vifungo vya nguo ya harusi. Tena kwa bei nafuu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimempelekea Amir mihogo yake. Akafungua gunia, akanusa. "Wewe bwana, hii cherehani umeitengeneza ama umeikaanga?"

Hakucheka sana. Saa moja tu. Kisha akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka mafuta yanayostahili, akauliza skrubu tatu ziko wapi. Mbili nilizikuta koponi. Ya tatu ilikuwa imeondoka na vifungo vya mteja wangu, Mama Nanyama. Nimemkimbilia mpaka kwake Nabuyonga! Alikuwa ameshaitumia kufungia mlango wa kabati lake, na hakutaka kuiachia mpaka nilipompa zipu mbili.

Mwisho Amir akachomoa sindano, akaigeuza, akairudisha. Ikashona! Akasema ugonjwa ulikuwa huo tu, sindano ilitiwa kinyume, kazi ya dakika moja. Nikamwambia hilo nililiona mapema. Akataka kunionyesha upande bapa wa sindano unavyotakiwa kukaa. Nikakataa. Daktari hafundishwi barazani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mafubira. Nimeshona pindo limenyooka kama rula! Nuriat akapiga vigelegele. Hajati akauliza ni nani aliyeitengeneza. Nikasema mimi, peke yangu. Akaniambia nikanawe mikono tule.

Niliporudi akanipa leso ya pili. Nikazungusha. Uzi haukushika hata mara moja! Wote wananitazama. Nuriat anatazama sindano, ananitazama mimi, anatazama sindano.

Nikaomba bisibisi.

Nuriat akafumba macho. Hajati akageuza sindano kwa vidole viwili, ikashona. Akasema cherehani hiyo haijawahi kuharibika. Yeye ndiye huigeuza sindano kila anapokuja mchumba, apate kujua kama mtu huanza kwa kutazama au kwa kubomoa, na leo aliigeuza tena nilipokwenda kunawa. Wawili wamenitangulia. Mmoja alikiri tu kwamba hajui, na mpaka leo Hajati anamsifu. Mimi sikupewa hata chai.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kwa binamu yangu hapa Jinja, sikuwa na uso wa kurudi Mbale. Asubuhi Nuriat kapiga simu. Amembembeleza shangazi mpaka nimepewa nafasi moja tena, ya mwisho kabisa! Redio ya marehemu mume wa Hajati haisemi. Nimekimbia mpaka kwao.

Mlangoni Nuriat akaninong'oneza nitazame betri kwanza, nisiguse kingine. Betri! Masikini, mapenzi yanamfanya aone kila kitu chepesi. Kosa langu la juma hili nimelielewa vizuri sana: bisibisi ilikuwa ndogo. Leo nimekuja na kubwa.

Hajati yuko sokoni, anarudi sasa hivi. Betri nimeziweka kando zisinizuie. Skrubu kumi na moja zimeshatoka.