Mikataba ya Usingizi wa Mzee Orville

Jumatatu, 8 Septemba

Mimi ni tajiri! Bado, lakini ni suala la siku tu. Shangazi Verna, mwenyekiti wa tume ya kamari ya kabila letu, kalalamika asubuhi nzima. Kampuni za mbali zinachezesha watu kamari ya mpira kwa simu, hadi humu ndani ya ardhi yetu, ambako kwa sheria ya Marekani haki ya kuchezesha ni yetu sisi wenyeji wa asili. Zikiulizwa, zinasema hilo si dau, ni "mkataba wa tukio", na msimamizi wao yuko Washington. Shangazi kaona wizi. Mimi nimeona mlango.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefungua soko langu nje ya kituo cha mafuta. Swali: Mzee Orville atasinzia Alhamisi kabla ya kutoa ushahidi mbele ya mgeni wa Washington anayekuja kusikiliza malalamiko ya Shangazi? Mzee ana miaka themanini na moja. Ndiye aliyefungua ukumbi wetu wa kwanza wa bingo, kwa hiyo ndiye shahidi mkuu. Mkataba mmoja ni kikombe kimoja cha mchele-mwitu wa ziwani. Ukishinda, unachukua viwili. Si dau, si pesa! Wakili gani atanishika? Binamu Leland, mlinzi wa kasino, anayenionea wivu tangu shule, kasema hii ni kamari iliyofungwa tai. Kisha kanunua sita za "atasinzia". Mnafiki!

Jumatano, 10 Septemba

Balaa. Watu arobaini wamenunua "atasinzia". "Hatasinzia", hakuna hata mmoja! Mzee akisinzia tu, mavuno yangu yote kwaheri. Nikamkimbilizia chupa nzima ya kahawa. Nikamkuta Leland anamfunika blanketi. Mama wawili wamemletea mito, mwingine supu nzito ya mahindi. Mzee machozi yalimlenga. "Mjukuu wangu, sijapendwa hivi tangu nivunjike nyonga."

Kahawa kayamwagia maua.

Alhamisi, 11 Septemba

Shangazi kamsomea mgeni barua ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa nne, kope za Mzee zikaanza kushuka. Nikakohoa. Nikaangusha kiti. Nikapiga chafya mara nane. Upande wa pili Leland akaanza kuimba, polepole, wimbo wa kubembelezea watoto. Mgeni akauliza kwa heshima kama hii ni desturi yetu.

Mzee akakoroma.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe! Watu wakapunga mikataba yangu hewani. Shangazi akampokonya mmoja yake, akaisoma, akaniuliza mbele ya mgeni ninauza kitu gani.

"Si dau, Shangazi. Ni mkataba wa tukio."

Mgeni akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Shangazi hakucheka. Akamgeukia. "Umemsikia, bwana? Ndivyo wanavyotuambia hao wa kwenye simu, neno kwa neno. Ila huyu mjinga wetu walau analipa kwa mchele."

Mgeni akaacha kucheka. Akaandika kurasa mbili.

Mzee akafumbua jicho moja, akaulizia vikombe vyake kumi na viwili. Mikataba ya Leland ilikuwa ya Mzee mwenyewe!

Jumapili, 14 Septemba

Ghala tupu. Hata panya wamehama. Hukumu ya Shangazi: kuosha sufuria jikoni kwa wazee mpaka theluji ianguke. Tena kaniapisha mbele ya ukoo mzima kwamba sitauza mkataba tena maishani.

Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Mkataba, kamwe!

Kuanzia kesho nauza "maoni ya tukio".