Kadi ya Madam Fitina

Leo sina pa kuuweka uso. Nimeufunika kwa taulo la saluni, naandika kwa kidole kimoja, na bodaboda ikipunguza mwendo nje nashtuka nikidhani ni mtu amekuja kunicheka.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Jeska. Nina saluni Nangara, hapa hapa Babati mjini, mimi na mwenzangu Zuhura. Nina na chama changu cha siasa. Sikitaji jina, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Madam Fitina mnamjua. Yule wa kwenye tamthilia, anayegombanisha ukoo mzima halafu anakaa pembeni kunywa chai. Jina lake hasa ni Paulina, na kwao ni Sigino. Wakati wa kampeni alipanda jukwaani upande wa pili, kavaa fulana yao, akacheza mpaka mgombea akasahau alikuwa anaahidi nini. Iliniuma utafikiri ameniibia mume. Nikaapa mbele ya watu kwamba simwangalii tena. (Namwangalia. Kwa Zuhura, sauti ndogo, mlango umefungwa.)

Sasa leo asubuhi bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mwanamke kajitanda kitenge kichwani, miwani mikubwa nusu ya uso. Akasema, "Habari za hapa, Mama Jeska. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kupaka dawa bila kuunguza watu." Ile sauti! Zuhura alidondosha chanuo. Mimi nilijikaza. Nikajisemea moyoni, huyu ni wa upande wa pili, usimchekee. Halafu nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Karibu mpenzi, karibu sana, kaa hiki kiti kizuri." (Kiti kizuri ndicho kisichoyumba. Tunacho kimoja.)

Tukaongea. Kumbe mpole. Mnyenyekevu kabisa, anaongea taratibu, anauliza na watoto wangu wanaendeleaje. Akaniomba jambo moja tu: asipigwe picha. Alisema yuko kwenye mazungumzo ya kazi mpya, na wale wenye kazi wamemwambia wazi hawataki kumwona karibu na bendera ya mtu yeyote. Ikionekana picha moja, kazi anapewa mwingine. Nikamwambia hapa amefika kwake, siri za wateja wangu huwa nazifungia na kufuli. Nilimaanisha kabisa.

Nikaanza kupaka dawa ya nywele. Wanawake mnaijua ile dawa. Ikikaa sawasawa, nywele zinalala. Ikipitiliza, inaanza kukuwasha, kisha inakuchoma, na baada ya hapo unabadilisha dini. Nilikuwa nimemaliza kichwa kizima, nasubiri kidogo tu nimwoshe, simu yake ikaita.

Akapokea. Akasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini yenye hasira:

"Sikia, mimi narudisha kadi. Ndiyo, leo leo. Kuchanga nimechanga, kila wakiniita naitika, na bado hawanithamini. Mwambie mwenyekiti aje aichukue mwenyewe, niko saluni kwa Mama Jeska hapa Nangara. Kamati ijijue."

Ndugu zangu. Nchi hii mtu akisema anarudisha kadi, wewe unaelewa nini? Kadi, mwenyekiti, kamati, kuchanga. Mimi nilielewa kitu kimoja tu, kwamba Madam Fitina anakihama chama chake, na anakihama akiwa saluni kwangu!

Ile kufuli ya siri za wateja sijui nani aliifungua. Nikamwambia Zuhura amwangalie mteja, nikatoka nyuma kwenye kamba ya kuanikia mataulo, nikarekodi sauti kwenye grupu letu la tawi. Nilinong'ona kama mpelelezi: "Wapendwa, Madam Fitina yuko hapa kwangu. Anarudisha kadi yao. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Mwenyekiti fanya haraka kabla hawajaja kumbembeleza."

Mwenyekiti wetu wa tawi ni Baba Neema, mtu mzima, mstaafu, anapenda hotuba kuliko chakula. Alijibu palepale: "Mzuie asiondoke." Nikarudi ndani nacheka peke yangu. Picha ya jukwaa la kampeni ijayo nilishaiona kichwani: mimi mstari wa mbele, nimetajwa jina, watu wananipigia makofi.

Nikamshika Paulina mabega nikimwambia sasa twende tukaoshe. Karai la kuoshea liko nyuma kabisa, pembeni ya draya. Hatujafika, nikasikia spika ya bajaji.

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Akina mama na vigelegele, vijana wa bodaboda na honi, bendera mbili, na Baba Neema na koti lake la suti na kofia ya chama. Saluni yangu hata wateja wakizidi wanne mmoja anakaa nje. Wakaingia wote. Wakajaa kati yetu na lile karai, na Paulina akabaki amesimama katikati, kichwa cheupe kwa dawa, roba la nailoni shingoni, hana pa kupita.

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile. Nikajifanya natafuta taulo.

"Shikamoo, Baba Neema," akasema, kwa sababu wanafahamiana tangu yeye mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la kishujaa." Kisha akawageukia watu, na mimi nikajua tumekwisha, maana alikohoa. Baba Neema akikohoa ni hotuba. Alianza na historia ya tawi. Akaja kwenye barabara. Akaja kwenye bei ya mbolea. Dawa nayo ilikuwa haisubiri. Niliona Paulina anaanza kukunja vidole, kisha kukanyaga mguu huu na huu, kisha machozi yakaanza kumtoka, yanatiririka kabisa.

"Mnaona?" Baba Neema akasema, naye sauti imemjaa. "Analia. Ametambua."

"Mwenyekiti, naomba nioshwe," Paulina akasema.

"Mmesikia wenyewe! Anaomba kuoshwa!"

Vigelegele. Mama mmoja nyuma akaanza na kuimba pambio. Mimi nilikuwa nasukuma watu na makalio nifike kwenye karai, nasema jamani ni dawa, ni dawa ya nywele, lakini nani anamsikia kinyozi siku ya ukombozi?

Baba Neema akanyoosha mkono na kuomba kadi. Nadhani Paulina kwa yale maumivu alikuwa tayari kutoa chochote, hata ufunguo wa nyumba. Akaingiza mkono kwenye pochi, akaitoa, akampa. Baba Neema akaichukua bila kuitazama, akainyanyua juu kabisa ya kichwa chake, watu wote waione.

Wakaiona. Kadi nyeupe, ina utepe wa waridi, ina maua mawili na mioyo miwili imeungana.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Zuhura alikuwa karibu naye, na Zuhura akiona maandishi lazima asome. Akasoma kwa sauti: familia fulani inayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yao. Akasoma mpaka pale chini, panapoandikwa kadi ni ya mtu mmoja au wawili. Pale palikuwa na neno moja, kwa kalamu ya wino wa bluu: Single.

Baba Neema akaishusha. Akavaa miwani. Akautazama ule mwandiko kwa muda mrefu, na sote tukamwona anavyoutambua. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho mtaa mzima unakijua: Baba Neema ni mwenyekiti wa kila kitu. Tawi ni yeye. Kamati ya harusi ya Jumamosi pia ni yeye. Mwenyekiti aliyeitwa aje achukue kadi alikuwa huyuhuyu, kwa harusi hiyohiyo. Dada wa bibi harusi, yule aliyekuwa anaongea na Paulina kwenye simu, alikuwa amempigia Baba Neema kumweleza vizuri, lakini hakupokea. Alikuwa anasikiliza sauti yangu.

Nikapata upenyo, nikamvuta Paulina mpaka kwenye karai, nikamwinamisha, nikamwagia maji. Nilikuwa namwosha na huku naomba Mungu anipasulie sakafu. Na yeye akaanza kuongea hukohuko kichwa chini, pole pole, utafikiri anaongea na lile karai.

"Mimi sina kadi ya chama chochote," akasema. "Sijawahi kuwa nayo. Waliniita nikacheze, nikacheza, ni kazi yangu. Fulana nilipewa, na siku ile kulikuwa na baridi. Nyinyi mngeniita, na kwenu ningecheza."

Akaendelea kusema kwamba yeye matusi ya mitandaoni ameyazoea. Anayeumia ni mama yake. Tangu siku ile ya jukwaa, mama yake pale Sigino haalikwi tena kwa majirani wa upande wetu. Wanampita na kadi zao kama vile nyumba haina mtu. Ndiyo maana alipopata taarifa ya harusi ya rafiki yake wa shule ya msingi alichanga mapema, mchango wa watu wawili, akamnunulia mama kitenge na viatu. Mama ameshavijaribu. Leo kadi imekuja ya mtu mmoja.

"Chama waliniandikia watu bila kuniuliza," akasema. "Sasa nimeandikiwa na single. Kama mama haendi, na mimi siendi."

Mimi hapo nililia, na sikuwa na dawa kichwani. Nilikuwa nimemwona huyu dada miaka yote kwenye runinga akimtesa mama mkwe wa kuigiza, sikuwahi kufikiria kwamba ana mama wa kweli, wa kukaa nyumbani na viatu vipya hana pa kwenda navyo.

Baba Neema ana mapungufu yake, ila leo nilimheshimu. Alivua ile kofia ya chama akaiweka mfukoni. Akasema yeye ndiye aliyeandika, aliona tu Paulina hajaolewa akadhani hana wa kuja naye, hakuuliza, na amekosea. Akaomba kalamu. Akakata lile neno, akaandika Double, akaweka na sahihi yake utafikiri ni hati ya kiwanja. Kisha akasema jioni ataenda Sigino mwenyewe kumwambia mama kwa mdomo wake. Akaamuru kila aliyepiga picha azifute, na Zuhura akasimama mlangoni akikagua simu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyetoka bila kukaguliwa, hata mama wa pambio.

Ikabaki sauti yangu kwenye grupu. Ilibidi nirekodi nyingine, mbele ya Paulina mwenyewe, bila kunong'ona: "Wapendwa, naomba radhi. Kadi ni ya harusi. Dada wa watu hajahama popote, na hakuwa popote." Wakanijaza vikatuni vya kucheka. Mmoja akauliza harusi ya nani, mbona yeye hajapata kadi.

Nikamkalisha Paulina kwenye draya, nimempaka mafuta, kichwa kimepona, na nimemwambia hii ni bure mpaka mwaka uishe. Akanisamehe. Alisema kwenye tamthilia angenilisha sumu, lakini leo yuko likizo. Nikaanza kupumua.

Ndipo akaingia Mama Kolini.

Mama Kolini ni mteja wangu mkubwa kuliko wote. Anakuja kila wiki, analeta na shemeji zake. Mumewe ni kiongozi mzito wa upande wa pili. Akaketi, akavua viatu, akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo.

"Mama Jeska, na hii bendera?"

Nikageuka. Wale watu walikuwa wameisahau. Bendera ya chama changu, niliyoipigania mvua na jua, imening'inia pale. Na mdomo wangu, huu huu, haukusita hata kidogo.

"Aa, hiyo? Tunafutia vioo, mama."

Na ili anisadiki, nikaichukua, nikafuta kioo.

Ndani ya kile kioo nikakutana na macho ya Paulina chini ya draya. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Mama Kolini alipoinama kutafuta pochi yake, Paulina akaniambia kwa sauti ya chini, "Karibu kwenye sanaa, mwenzangu. Ndivyo tunavyoishi."

Basi nimewaeleza, msinicheke. Na wewe Baba Neema, najua umo humu unasoma: nilifuta kioo kimoja tu, na kilikuwa kisafi.