Gesi Haitaisha Mwezi Huu

Jumapili, 8 Juni
Kikao cha familia, sebuleni kwangu hapa Madale. Nimetangaza kubana matumizi. Mtungi wa gesi lazima ufike mwisho wa mwezi. Mke wangu Herieth akasema sawa, ila ukiisha kabla, pochi ya nyumba anaishika yeye. Nikakubali mbele ya watoto. Mie nishindwe na mtungi?

Jumatatu, 9 Juni
Mpango ni huu. Hajazaliwa Mtanzania wa kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Basi tunatembelea watu saa ya kula. Nimewafundisha wanangu, Lulu na Gozbert: ukikaribishwa, kataa mara moja kwa adabu. Ukikaribishwa tena, nawa.

Tumeanza kwa jirani, Mama Mwamvita. Tumefika pilau ndiyo inafunuliwa. Nikasema tulikuwa tunapita tu. Herieth akawa anaangalia ukuta. Gozbert hakukataa hata hiyo mara moja, na kijiko alikuja nacho mfukoni. Aibu niliiona. Nikala hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Juni
Kibamba kwa shemeji Kasiani, kaka yake Herieth. Tangu anunue friza hana habari nyingine. Nimeisifu mpaka akanifungia kuku wawili. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, imezidi bei ya hao kuku. Lakini mpango huu ni wa gesi, siyo wa nauli. Herieth haelewi.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Mwamvita siku hizi anakula mlango umefungwa. Harufu ya nazi naisikia kabisa. Nimepiga hodi, kimya. Utu unaisha mji huu, inasikitisha.

Jumamosi, 14 Juni
Saa saba mchana, hodi. Mama Mwamvita na wanawe wote. Eti walikuwa wanapita tu. Hawajakaa vizuri, Kasiani huyo, na mkewe, na watoto, na mama mkwe wangu. Kasiani anasema tuliwatembelea, nao wameona warudishe. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mbona jiko limepoa.

Herieth akawasha plate zote mbili. Wali, maharage, kuku wote wawili, chai, halafu chai tena. Mama mkwe akaomba maji ya moto ya kuoga. Maji hayajachemka, moto ukafifia, ukazima. Herieth akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. Nikampa pochi. Kasiani akapiga makofi. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 15 Juni
Herieth kanunua gesi, kapika, kafungua mlango, anakaribisha kila anayepita. Pochi haitamaliza wiki mikononi mwake, itanirudia tu.

Kosa langu nimeliona. Nilikwenda kwa watu tunaofahamiana. Dukani wanasema Jumamosi ijayo kuna kipaimara Goba, wanachinja ng'ombe mzima. Wenyewe siwajui. Nao hawanijui, wala kwangu hawapajui. Suruali nimeshaipiga pasi.