Mteja wa Selpher

Siku ile mjinga alikuwa Clifford Ochola, na hilo analikiri mwenyewe, ingawa hulikiri kwa sauti ya chini na baada ya kuangalia nani yuko karibu. Wajinga alikuwa amewaona wengi, baadhi yao aliwatengeneza kwa mikono yake. Huyu wa siku ile alivaa viatu vya Clifford, saizi tisa.

Chuo chake kilizaliwa kwenye foleni. Clifford alikuwa amesimama nje ya ofisi moja katikati ya jiji, gazeti kichwani kukinga jua, akamsikia askari wa mlangoni akirudisha watu mmoja mmoja. "Cheti iko wapi? Kama huna cheti, usizibie wengine njia." Watu kama arobaini wakageuka na sura moja. Clifford akazitazama zile sura jinsi mkulima anavyotazama shamba lililolainika kwa mvua.

Wiki mbili baadaye, orofa ya tatu, juu ya duka la nywele za kubandika, palikuwa na bango: Uhasibu, Utunzaji wa Vitabu vya Hesabu, Kodi, na Ushauri kwa Waraibu. Kozi ya nne iliongezwa kwa sababu mchoraji alisema nafasi imebaki. Mwalimu wa zote nne alikuwa Clifford. Akifundisha kodi alivaa tai nyekundu, akifundisha hesabu tai ya buluu. Somo la waraibu alivua tai kabisa, akavaa sweta na kuongea polepole.

Noti za ushauri alizitoa mtandaoni, kurasa kumi na nne, na kila mwanafunzi alilazimika kuzinunua, hata wale wa kodi. Mwenye mashine ya kopi alipotaja bei, Clifford alizipekua, akaona ukurasa wa saba hadi wa kumi ni maneno matupu bila hata picha moja. Akazichomoa. "Hizi hazina kazi," akasema, na akiba ile akainywea chai na mandazi mawili.

Wanafunzi walifika ishirini na wawili. Alikuwamo Wainaina, mwenye nyumba za kupangisha kule Mutuini, aliyekuja kusomea kodi ili ajue namna ya kutoilipa. Na alikuwamo Selpher, muuza omena katika soko la Kangemi. Kaka yake Ogutu alikuwa amekunywa kila kitu nyumbani hadi mabati ya jikoni, na Selpher alitaka kujua namna ya kumtoa huko. Karo yake ilikuwa na harufu ya samaki. Clifford aliipokea bila kukunja pua, akaiingiza kwenye simu yake pamoja na za wengine.

Sasa, waweke Wakenya ishirini katika chumba kimoja kwa juma moja, watatoka na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina akawa Selpher. Kwa hiyo Clifford alipotangaza mahafali ya Ijumaa, na kwamba joho, kofia na picha ni shilingi elfu nne mia tano kwa kila kichwa, pesa zote ziliingia kwa Selpher. Tiketi ya basi la Malaba, mpakani, la Ijumaa hiyo hiyo jioni ilikuwa tayari ndani ya soksi ya Mkuu wa Chuo.

"Pesa iko," Selpher akamwambia Jumatatu. "Lakini Mwalimu, siwezi vaa joho na daftari yangu ya mazoezi iko tupu. Noti zinasema nikae na mteja mara tatu, na aweke sahihi. Nimeenda vituo vitano vya waraibu. Wananiuliza, chuo gani hiyo?"

"Wivu tu, Madam."

"Iwe wivu, iwe nini. Daftari ikikaa tupu, hii pesa haitoki."

Clifford akahesabu siku. "Basi mimi nitakuwa mteja wako."

Jumanne alijifanya mlevi. Mtu huyu hakuwa amewahi kuonja hata bia.

"Nakunywa sana," akaugua. "Chang'aa."

"Ya wapi?"

"Ile ya... ya duka kubwa."

Selpher, dada yake Ogutu, alijua pombe hiyo hupikwa kwa kificho na haijawahi kufika dukani. "Chang'aa ya duka kubwa," akarudia, na kuandika.

Jumatano akafuata ukurasa wa tano: mshauri akinyamaza, mteja huongea. Akanyamaza. Clifford angeweza kustahimili polisi, wadai, hata jua la mchana, lakini kimya hapana. Dakika ya tatu alikohoa. Dakika ya sita alisema, "Unajua, Selpher, si pombe."

"Ni nini?"

"Ni watu. Nikimwona mtu ananiamini, mkono unaniwasha."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumfunga mdomo. Alieleza vile vibanda vya maonyesho ya Jamhuri alivyoviuza mwaka ambao hakukuwa na maonyesho. Akaeleza chuo, karo iliyolala kwenye simu yake, basi, soksi. Akalia kidogo. Selpher akampa leso yenye harufu ya omena, akaendelea kuandika.

Alhamisi alirudi kwa hiari, akaongeza mawili matatu aliyosahau. Alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Akatia sahihi mahali pa mteja. Palikuwa pia na mahali pa msimamizi, akatia sahihi tena, akapiga na mhuri wa chuo.

Ijumaa asubuhi alisikia ngazi zikilia kwa viatu vingi. Wakaingia wote ishirini na wawili. Hakuna aliyevaa joho. Kila mmoja alishika kopi za daftari, na wa mwisho, Wainaina, alifunga mlango na kuuegemea.

"Mwalimu, vua kiatu," Wainaina akasema. "Tumesoma mambo ya soksi."

"Mzee, tuongee kama wasomi."

"Ulitufundisha deni na malipo zikae sawa. Leta simu."

Karo ilirudi jina kwa jina, Wainaina akiita orodha kama mwalimu wa zamu. Pesa za joho hazikuhitaji kurudi, hazikuwa zimetoka kwa Selpher. Tiketi ya Malaba walimwachia, ila walimshauri asisubiri jioni.

Mlangoni Clifford aligeuka, kiatu kimoja mkononi. Pesa aliisamehe. Lililomchoma lilikuwa jingine.

"Selpher. Nililia mbele yako."

"Ulilia, Mwalimu."

"Na mambo ya mteja ni siri. Mshauri hayatoi nje, hata kwa mama yake. Kazi yote imesimama hapo. Wewe unajiita mshauri gani?"

Selpher akazifungua zile noti alizouziwa, akalowesha kidole, akapekua bila haraka mwanzo hadi mwisho.

"Hiyo iko ukurasa gani? Kwa hizi zako, ya sita ikiisha inafuata ya kumi na moja."