Hanad na Darubini Yake

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Sina wivu. Naliandika hili mapema ili lieleweke. Mimi, Mungania wa ofisi ya ushuru, nina makosa yangu, lakini wivu sina.

Lakini huyu Hanad!

Juzi Jumamosi tulienda kando ya mto kutazama ndege. Msimu wao ndio huu. Wanakimbia baridi ya kwao na kuingia huku kwetu bila hata hodi. Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza, juu ya mgunga. Nikatangaza: mwewe. Watu wakakubali vizuri tu. Hanad akainua ile darubini yake, kubwa kama chupa mbili za chai zilizofungwa pamoja, akasema samahani mzee, huyo ni kozi, ametoka upande wa Uchina, anapita tu kwenda kusini. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kozi akashtuka akaruka. Hakuna aliyemlaumu Hanad.

Tena ananiita mzee. Mbele ya watu! Ana duka la dawa, ana darubini, ana meno yote. Anataka nini tena?

Anataka chama changu. Chama cha Watazama Ndege nilikianzisha mimi, nikawa mwenyekiti bila mpinzani, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa peke yangu. Sasa tunajaza gari mbili. Desemba watakuja wageni kutoka Nairobi, watu wa ndege hasa, na mwenyekiti ndiye atakayewapokea, akae kiti cha mbele na kuwaonyesha njia. Mwalimu Anisa, katibu wetu, amesema tupige kura Jumapili hii ili kila mtu apate nafasi. Hiyo nafasi najua imeshonewa nani.

Sitakubali. Kabla ya chama hiki hakuna mtu Isiolo nzima aliyewahi kunisubiri nimalize kuongea. Ofisini hukatizwa. Kanisani hukatizwa. Kwenye ndege tu ndiko watu walikuwa wakininyamazia, na sasa wanamnyamazia Hanad.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango umepatikana. Sauti! Nimeweka sauti za ndege kwenye simu. Hanad anawajua kwa macho, mimi nitawajua kwa masikio, hata nikiwa nimefumba macho. Darubini atabaki nayo shingoni kama kengele.

Nimeanza mazoezi ofisini. Sauti ya bundi. Mawira, askari wa lango, akaingia na rungu, akapanda juu ya meza yangu kumtafuta bundi kwenye dari, maana bundi ofisini ni mkosi na bosi anaumwa tangu wiki jana. Amevunja ubao mmoja wa dari. Nimemsaidia kutafuta. Ningefanya nini?

Jioni nimejaribu tai, nyumbani. Kuku wawili wa Kathambi waliokuwa wakiatamia wakatoka mbio, mmoja hadi kwa jirani. Mayai yamepoa. Kathambi ni mke wangu na ni mpole sana, lakini leo ameniuliza, Baba Kinya, hiyo tai yako inakula chapati ama inakula kuku peke yake? Sikupewa chapati.

Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba alipitia kwa Hanad kununua dawa ya kikohozi, na Hanad akamweleza habari za hudihudi, yule ndege mwenye kilemba aliyempelekea Nabii Suleimani ujumbe. Eti anaeleza mpaka unamwona. Nimemwuliza kwa nini alienda duka lile. Amesema ndilo la karibu. Na lile la mbele ya stendi? Limehamishwa?

Jumatano, 12 Novemba

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Hanad asipokuwepo safarini Jumamosi, hakuna wa kunirekebisha. Na Hanad haondoki nyumbani kabla ya swala ya alfajiri. Kwa hiyo tuondoke kabla ya alfajiri! Ndege huamka mapema, kila mtu anajua.

Nimempigia mwalimu Anisa, kwa kuwa Probox ya mbele ni yake na yeye ndiye dereva. Nimemweleza kwa hoja nzito jinsi ndege wa Kulamawe, tunakokwenda Jumamosi hii, wanavyopenda giza. Amenisikiliza. Kisha ameuliza kwa upole kama mimi nitamswalia yeye, ama aswali njiani huku ameshika usukani.

Nilikuwa nimesahau kwamba Anisa pia anaswali. Karibu nusu ya chama inaswali. Tutaondoka baada ya alfajiri, na Anisa atampitia Hanad kwanza.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya maandalizi. Nimeazima darubini ya mchungaji. Jicho la kushoto halioni kitu, lakini hata mwindaji hulenga kwa jicho moja.

Nimelipiga pasi koti la kazi, lile la manjano lenye neno USHURU mgongoni. Mwenyekiti lazima aonekane.

Na nimepata hoja ya kushinda kura. Hesabu! Hanad anajua majina, haya, majina ni yake. Lakini wageni wa Nairobi wanataka idadi. Sasa nani Isiolo anahesabu kunishinda mimi? Sokoni nahesabu mbuzi wanaokimbia! Kesho nitasimama mahali pa wazi, nihesabu kwa sauti, kila mtu asikie jinsi mwenyekiti anavyofanya kazi.

Habari mbaya: Kathambi anakuja. Miaka yote nimemwomba, amekataa, ana mambo ya maana. Hanad amemwambia mara moja tu kwenye kaunta, naye tayari ameshona kofia.

Jumamosi, 15 Novemba

Mdomo umekauka. Nitaandika yote.

Tumefika Kulamawe jua likiwa bado changa. Mvua imepita huko juzi, silanga, lile bwawa la mifugo, lina maji, na kando yake korongo! Weupe, mabawa yenye weusi, miguu myekundu, wametoka Ulaya wakiwa wasafi kuliko sisi tuliotoka mjini. Wametapakaa wakiokota wadudu, katikati ya ngamia waliokuja kunywa. Hata mimi nilimsahau Hanad kwa muda.

Muda mfupi. Kathambi alikuwa ameshapewa darubini ya Hanad, na Hanad alikuwa akimwonyesha pa kuzungushia. Kathambi akasema "uui!" Kwangu hajasema "uui" tangu tulipojenga.

Nikapanda kichuguu. Nikajinyoosha. Nikaelekeza kidole na kuanza: mmoja, wawili, watatu. Kwa sauti ya sokoni. Kidole kikienda huku na huku kati ya ngamia, maana korongo hawakutulia. Nilikuwa nimepita thelathini, mambo yakienda vizuri kabisa, nikaona watu wangu wamenyamaza. Nikafurahi. Nikaongeza sauti.

Kumbe wamemnyamazia Mzee Huqa, mwenye ngamia, aliyekuwa akija na fimbo yake.

Sasa nimeishi Isiolo tangu Kinya hajazaliwa. Najua kwamba Mborana hahesabiwi mifugo yake. Hata kumwuliza ana wangapi ni utovu wa adabu, sembuse kuwanyooshea kidole mmoja mmoja na kuwapigia kelele. Ni kuwatia jicho. Mnyama aliyehesabiwa na hasidi hukonda, hukauka maziwa, hufa. Najua haya yote! Lakini mimi nilikuwa nahesabu ndege. Nani alimwambia korongo asimame chini ya ngamia?

Mzee hakutoa salamu. Alisoma mgongo wa koti. "Wewe nahesabu ngamia ya mimi, hii hesabu ya serikali ama ya roho yako?"

Nikasema si ya serikali. Kosa! Kwani ya serikali wameizoea. Akarudi nyuma hatua akawaambia wenzake kwamba basi ni ya roho, kwamba mtu huyu ana husuda, mwangalieni macho, hata hiyo darubini inaona upande mmoja.

Mimi? Husuda? Nikasema nahesabu korongo. Mzee akauliza korongo ni wa nani. Nikasema si wa mtu. Akauliza kwa nini basi mtu mzima ahesabu kitu ambacho si chake wala si cha mtu. Nikashuka kwenye kichuguu.

Hanad akaja. Bila shaka! Salaam aleikum, kushikana mikono, habari za mvua, habari za nyasi, habari za watoto, kama kwamba sikuwa nimesimama pale nikitokwa na jasho. Mwishoni akanieleza hukumu: nitembee kwa kila ngamia, nimtemee mate kidogo ya baraka na kusema mashallah. Nikamwambia mimi ni Mmethodisti. Akasema hilo mzee amelisikia na halimsumbui, cha muhimu ni mate.

Nimetema. Ngamia wa kwanza sawa. Wa tano mate yamekwisha, Anisa akaniletea maji ya chupa. Mzee akawa anatembea nyuma yangu kukagua. Alisema ngamia mmoja sikumtemea vizuri, nikarudia. Mwingine akanirudishia, tena kwa wingi, usoni.

Nilipokuwa nyuma ya mmoja mkubwa sana nikasikia kelele. Korongo wote wameruka! Wamepanda pamoja wakizunguka, juu, juu, mpaka wakawa vumbi jeupe. Hivyo nimesimuliwa. Mimi niliona tumbo la ngamia.

Kathambi ameona. Amelia machozi, amesema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo na kwamba alitamani ningekuwa karibu. Hanad alipiga picha, atawahesabu nyumbani kwake, kimya, kidole mfukoni.

Mzee Huqa akatupa maziwa ya ngamia. Aliniita nikae karibu naye, akanimiminia mimi wa kwanza, akasema yale mambo yameisha. Maziwa yalikuwa mazuri. Sikumwambia, nisije nikaambiwa nayatia jicho.

Jumapili, 16 Novemba

Kura, baada ya kanisa, nyumbani kwa Anisa. Kwa kunyoosha mkono.

Nilitoa hotuba. Nikaeleza kwamba jana mwenyekiti wenu amejenga uhusiano mwema na wafugaji. Mtu fulani nyuma akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani.

Anisa akauliza nani anamtaka Mungania. Mkono wangu, juu kabisa. Nikageuka. Mkono mwingine mmoja tu. Wa Hanad!

Nani anamtaka Hanad? Msitu. Na katikati ya msitu, mkono wenye bangili ninayoijua, niliinunua mwenyewe mjini Maua. Kathambi! Alijiunga na chama asubuhi hii hii, hata kadi yake haijakauka.

Njiani nimemwambia nimeumia, nikamwuliza kwa nini. Sikuficha. Amesema, Baba Kinya, kiti cha mbele kinabeba mtu mmoja, na mimi nimechoka kuona mgongo wako. Desemba ukae na mimi nyuma, tutazame pamoja. Akanishika mkono, barabarani, watu wakiona.

Nimemwambia hilo halijibu swali langu.

Jumatatu, 17 Novemba

Hanad alikuja jioni. Amekuja na darubini, akaiweka mezani, akasema niitumie mpaka wageni waje, yeye ana nyingine ndogo. Kisha akasema ana ombi. Yeye atawaonyesha wageni njia, lakini hajui kuongea mbele za watu. Angependa mimi ndiye niwasimulie chama kilivyoanza na mambo ya Isiolo, kwa kuwa mimi ni msimulizi. Akaniomba nimsimulie hata sasa, apate kujua.

Nimemsimulia. Kathambi akaleta chai, akakaa. Nimeanzia siku ile nilipokuwa peke yangu, nikapitia kila safari, hata ile ya Kinna tuliyokwama kwenye tope. Hakunikatiza hata mara moja. Simu yake ililia, akaizima. Amekaa pale mpaka nimemaliza, akasema asante mzee, akaaga.

Nimekaa nikifikiri. Mtu ananipigia kura, ananipa darubini, ananisikiliza mpaka mwisho. Kwa nini? Hakuna mtu hufanya hivyo bure. Nimelipata jibu nikimalizia chai: Hanad ananionea wivu. Cheo amepata, lakini kwa hadithi sina mpinzani, na anajua. Maskini. Inaonekana inamla.

Kathambi nilipomwambia alienda kuwafungia kuku.

Sitalala hivi hivi. Jumamosi wenzangu wa chama wanarudi mtoni. Mimi nitaenda peke yangu Oldonyiro, siku ya mnada, ng'ombe na ngamia wakijaa uwanjani. Nimesikia tai hukusanyika pale kwa wingi. Kwa hii darubini, macho yote mawili yakifanya kazi, nitapanda juu ya ukuta wa mnada niwahesabu wote kwa sauti. Nitatumia vidole vya mikono yote miwili, ili niende haraka.